Lupango ya kaliandra: kazi inaanza mbele ya mvua



Kila mwaka mvua za mwezi wa 9 zikianza, udongo mzuri wa milima yetu ya Kabare, Walungu na Kalehe unateremka mpaka mtoni. Wengi wenu mumekubali kupanda lupango ya kaliandra ili kukata mteremko, na mumefanya vizuri. Mti huu unabaki na majani mabichi mwaka mzima, mizizi yake inashika udongo, na majani yake yanalisha mbuzi. Lakini lupango nyingine zinakauka hata mbele ya kufikisha mwaka. Mara nyingi kosa haiko ya mbegu. Ni ya kalenda.

Sababu gani mwezi wa 4 ni hatari?

Mtu atauliza: "Mwezi wa 4 mvua iko mingi, sababu gani nisipande?" Ni kweli, mvua iko. Lakini hesabu siku zinazobaki. Katikati ya mwezi wa 6 jua linaanza. Muche uliopandwa mwisho wa mwezi wa 4 unapata juma saba tu, na mizizi yake ingali juu juu, pale udongo unakauka wa kwanza. Tena wakati wa jua mbuzi wanatafuta kitu kibichi, na wanakuta lupango yako.

Muche wa mwanzo wa mwezi wa 10 unapata miezi nane mbele ya jua kubwa. Hata mvua ikipunguka kidogo mwezi wa 1, mizizi imekwisha kushuka.

Hesabu ukirudi nyuma

Kaliandra inakaa miezi 3 mpaka 4 mu pepinieri. Mtu anayengoja mvua ndipo atafute mbegu, miche yake itakuwa tayari mwezi wa 1, wakati mvua inapunguka. Kwa hiyo:

- Mwezi wa 5: tafuteni mbegu, na muchague pahali pa pepinieri karibu na maji. Mugawane zamu za kumwangilia, maana miche itakomaa mu jua kali.
- Mwanzo wa mwezi wa 6: loweka mbegu mu maji baridi siku 2, kisha uzitie mu sashe.
- Mwezi wa 8: pima mistari inayokata mteremko na uchimbe mashimo. Mwisho wa mwezi, anza kupunguza kivuli na maji polepole, miche izoee jua.
- Mwisho wa mwezi wa 9 mpaka katikati ya mwezi wa 10: panda ku shamba.

Mvua ya kwanza inadanganya

Mvua moja ao mbili hazitoshi. Piga jembe moja chini: kama udongo umelowa mpaka kina cha jembe, panda. Kama chini kungali kukavu, ngoja. Chagua siku ya mawingu, ondoa sashe bila kuvunja udongo wa mizizi, na uache nusu metre kati ya muche na muche.

Tunajua ni wakati wa maharagi pia, na mikono haitoshi. Ndiyo maana mashimo yanachimbwa mwezi wa 8: anza na maharagi, kisha asubuhi moja inatosha kwa lupango.

Ukichelewa

Usitupe miche. Kata mizizi inayotoka chini ya sashe, na ungoje mvua zirudi mwisho wa mwezi wa 2. Lakini usipite katikati ya mwezi wa 3. Na kama shamba lako liko juu sana, kupita metre 2000, kaliandra inateswa na baridi: uliza agronomu mti mwingine.

Ku mkutano wa mwezi wa 5, kila koperative ikate shauri: nani ataleta mbegu, nani atachunga pepinieri, na mbuzi watafungwa wapi mpaka lupango ishike. Mkikosa siku hizo, mmekosa mwaka mzima, na udongo wa mwaka mzima.