Joto Katika Chumba cha Kazi: Jiko Lisituue



Sisi wa Kinangop, Limuru na Molo twaijua baridi ya mwezi wa sita hadi wa nane. Mama anayefuma sweta vidole vinakufa ganzi. Seremala gundi yake inakawia kukauka. Basi watu hufanya nini? Wanafunga mlango na dirisha, wanaingiza jiko la makaa. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Katika kikundi kimoja nilichotembelea, akina mama walilalamika kwamba kila alasiri kichwa kinawauma na wengine wanasikia kichefuchefu. Walidhani ni malaria. Nilipoingia nikaona jiko katikati ya chumba, na dirisha limezibwa kwa gunia. Tulilitoa jiko nje, na ugonjwa ule ukaisha.

Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inakaa katika damu mahali pa oksijeni, na mtu anaweza kulala asiamke tena. Msidanganywe na makaa mekundu yasiyo na moshi. Sumu bado inatoka. Hata jiko la kisasa lenye udongo ndani hupunguza makaa tu, sumu haiondoi.

Sasa tufanyeje bila gharama kubwa?

1. Zuieni upepo. Joto jingi hutoroka pale mabati yanapokutana na ukuta. Zibeni mianya kwa udongo uliochanganywa na nyasi. Chini ya mabati tundikeni dari ya magunia safi. Mkishaziba, jiko lisilo na chimni lisiingie kabisa.

2. Inueni miguu. Sakafu ya simenti hunyonya joto la mwili. Wekeni vipande vya mbao au gunia lililojazwa maranda chini ya kiti.

3. Tumieni jua. Anayefuma akae karibu na dirisha la mashariki asubuhi. Kazi ya nje ifanywe saa sita, ya ndani ifanywe jua likipungua.

4. Pasheni mawe. Yachomeni nje mpaka yapate moto sana, kisha yaingizeni ndani ya karai lenye mchanga, juu ya matofali, mbali na sufi na watoto. Chukueni mawe makavu ya shambani. Ya mtoni yana maji ndani na yanaweza kupasuka.

5. Mkichanga pesa, fundi wa jua kali anaweza kutengeneza jiko la pipa lenye chimni inayotoa moshi nje, juu ya paa. Bomba lisiguse mbao wala gunia la dari. Acheni tundu dogo la hewa safi hata wakati wa baridi.

Mtu akizidiwa, mtoeni nje upesi, fungueni milango, na mpelekeni hospitali hata akisema amepata nafuu. Asiyejitambua msimpe maziwa wala maji.

Tukumbuke pia nyumbani: jiko lisilale chumbani pamoja na watoto.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
- Chumba chetu cha kazi kinapoteza joto wapi?
- Ni nani kati yetu bado analala na jiko ndani, na tutamsaidiaje?
- Tunaweza kuanza na jambo gani wiki hii, bila pesa?