Kushuka Kilimanjaro: Safari Isiyoishia Kileleni

Kufika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hudhaniwa na wengi kuwa ndio mwisho wa safari, ilhali msafara uliotoka Moshi ukiwa na wageni, waongozaji, wapishi na wapagazi hauhesabiwi kuwa umefaulu mpaka watu wake wote warejee mjini salama. Wahenga waliosema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo.

Waliopanda kwa njia ya Machame hushukia Mweka, upande wa kusini wa mlima, na huteremka zaidi ya mita 4,000 kwa muda usiozidi siku mbili. Kwa kuwa kileleni kila pumzi huingiza takriban nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani, maumivu ya kichwa na kichefuchefu, ambazo ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, kwa kawaida hupungua kadiri mtu anavyoshuka. Nafuu hiyo, hata hivyo, haiifikii miguu: misuli ya mapaja, ambayo hukaza huku ikivutwa ili kuuzuia mwili usiporomoke, hupata michaniko midogo inayouma zaidi siku moja au mbili baadaye, na ndiyo sababu mtu aliyesimama kileleni juzi huonekana Moshi akishuka ngazi za hoteli ubavu ubavu, mkono ukutani.

Katika lango la Mweka, ambako viatu vilivyojaa tope la msituni huoshwa, wageni hujiandikisha kwamba wametoka hifadhini, kisha hupewa vyeti vyenye saini ya mwongozaji, aliye shahidi wa mahali kila mmoja alipofika. Aliyeishia Stella, penye mita 5,756 kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, hupata cheti tofauti na cha aliyefika Uhuru.

Baada ya vyeti hufuata nyimbo, na baada ya nyimbo, hesabu ya bakshishi, yaani fedha ya shukrani ambayo wapagazi, wanaojiita wagumu, huitegemea pamoja na ujira wao. Kanuni za hifadhi huweka kilo 20 kuwa kikomo cha mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa kwa mizani. Fungu la kila kazi nalo, la mwongozaji, la mpishi na la mgumu, likitangazwa mbele ya wote, huwa vigumu kumegwa njiani.

Desturi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu wagumu wengi hawafiki kileleni: usiku ambao wageni wanapanda, wao hubaki kambini wakilinda mahema watakayoyabeba kesho yake. Cheti hubeba jina la mpandaji peke yake. Jina la aliyembebea hema husikika katika hesabu ile ya langoni.