Dakika 25 na kitabu cha makosa: Siri ya tija kwa waandishi wa programu

Na Mwandishi Wetu

KAZI ya kuandika programu za kompyuta haina jembe wala mizani, lakini hasara yake ni hasara kama ya kazi nyingine yoyote.

Chukulia kijana aliyepewa kazi na chama cha ushirika cha maziwa atengeneze programu ya kujumlisha lita zinazoletwa kila asubuhi na kukokotoa malipo ya mwisho wa mwezi. Akikosea mstari mmoja tu, mkulima aliyeleta lita 300 anaweza kulipwa za lita 30. Akichelewa miezi miwili, karani ataendelea kuhangaika na daftari, na kijana mwenyewe hatapata ujira wake.

Mara nyingi kinachomtenganisha anayemaliza kazi kwa wakati na anayeishia kulaumiwa si akili, bali ni mazoea ya kila siku. Mengi ya mazoea hayo yanamfaa pia mwenye shamba, duka au kibanda cha mboga.

Kazi kwa vipindi

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Francesco Cirillo, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Italia, alichoka kukaa na vitabu bila kuambulia kitu. Alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitegesha, na kujilazimisha kusoma bila kufanya jambo lingine mpaka ilie. Nyanya kwa Kiitaliano ni pomodoro, na mbinu hiyo inaitwa hivyo hadi leo.

Utaratibu wake ni rahisi. Chagua kazi moja, tegesha saa kwa dakika 25, ifanye hiyo tu, kisha pumzika dakika 5. Baada ya vipindi vinne, pumzika dakika 15 hadi 30. Ukikumbuka jambo lingine katikati, liandike kando na uendelee. Si lazima ununue saa. Kengele ya simu inatosha.

Kulinda muda

Mwandishi wa programu hubeba mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja. Akikatizwa kwa dakika mbili, hapotezi mbili hizo pekee, bali pia muda wa kujikumbusha alikuwa amefika wapi. Ni sawa na mtu anayehesabu magunia ghalani: akiitwa katikati, huanza tena kwenye gunia la kwanza.

Mwaka 2009, mwandishi wa programu Paul Graham alieleza kwamba mkutano mmoja unaweza kuharibu nusu ya siku, kwa sababu huikata vipande vidogo visivyotosha kazi ngumu. Dawa yake ni kuweka mikutano na simu za wateja mwishoni mwa siku. Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikwenda mbali zaidi: aliacha kutumia barua pepe Januari 1, 1990, ili apate utulivu wa kazi yake.

Kwa kijana anayefanyia kazi nyumbani, tatizo huwa ni familia. Wazazi wanamwona ameketi tu, wanamtuma dukani au kufungua mbuzi. Heri azungumze nao mapema: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana yuko kazini, na jioni atasaidia kazi za nyumbani.

Kuandika makosa

Mwaka 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine. Walimbandika katika kitabu cha kumbukumbu na kuandika maelezo kando yake. Kitabu hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho nchini Marekani.

Mazoea hayo ya kuandika kila hitilafu yana faida kubwa. Knuth aliorodhesha makosa ya programu yake ya TeX tangu 1978, na mwaka 1989 akaichapisha orodha hiyo ili wengine wajifunze. Naye Watts Humphrey, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliwafundisha waandishi wa programu kuandika saa ya kuanza kazi, saa ya kuacha, muda waliokatizwa, na dakika zilizotumika kurekebisha kila kosa.

Baada ya wiki chache, daftari hilo husema ukweli. Ikiwa kazi kama hii ilichukua wiki tano mara iliyopita, huwezi kumwahidi mteja wiki mbili. Mkulima anayeandika siku za kupalilia na gharama za vibarua anaijua faida hiyo.

Nakala na bata

Umeme hukatika, na kompyuta huibwa. Mwandishi makini huhifadhi kazi yake kila anapomaliza sehemu ndogo, na nakala huiweka mahali pengine. Wengi hutumia Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo hutunza kila badiliko. Kosa la leo likigunduliwa, anaweza kurudi kwenye kazi ya jana iliyokuwa salama.

Akikwama, hueleza tatizo kwa sauti, mstari kwa mstari. Kitabu cha Andrew Hunt na David Thomas cha mwaka 1999 kilisimulia habari za anayemweleza bata wa mpira. Bata hajibu, lakini anayeeleza husikia mwenyewe alipopotoka. Akikwama bado, alale. Kosa lisiloonekana usiku wa manane mara nyingi huonekana asubuhi.

Ukitaka kumwajiri

Mfanyabiashara au ushirika unaotaka programu uulize maswali manne kabla ya kutoa malipo ya awali: Nakala za kazi zitawekwa wapi? Kazi kama hii ilikuchukua muda gani mara iliyopita? Utatuonyesha kilichokamilika kila wiki? Makosa tukiyaona, yataandikwa wapi?

Kisha mpe hesabu za mwezi mmoja uliopita, ambazo karani ameshazihakiki, na ulinganishe majibu ya programu na ya daftari. Yakitofautiana hata kwa lita moja, daftari lisiwekwe kando bado.