Chenga kwenye picha za harusi: Tatizo ni mwanga, si ISO

SAA nne za usiku ukumbi umejaa, mshereheshaji ametangaza kwamba sasa ni wakati wa kukata keki, na mpambaji ameagiza taa kubwa zizimwe ili zile za zambarau na buluu zilizofichwa nyuma ya vitambaa zionekane vizuri. Maharusi wanashika kisu. Mpigapicha anapiga picha 20 au 30 katika muda usiozidi dakika mbili, anatazama kioo kidogo kilicho nyuma ya kamera, anaziona nzuri, anaendelea na kazi. Kesho yake akizifungua kwenye kompyuta ndipo anapokuta uso wa bibi harusi una vitone vyekundu na vya kijani, kana kwamba umenyunyiziwa mchanga wa rangi, na suti nyeusi ya bwana harusi imejaa punje punje kama kioo cha televisheni isiyo na antena.

Wenye fani huziita chenga. Kwa mjasiriamali anayeishi kwa kamera jijini Dar es Salaam, hilo si suala la urembo tu. Mara nyingi amepokea malipo ya awali, na salio hutolewa siku ya kukabidhi albamu. Keki haikatwi mara ya pili. Tena biashara hii hutembea kwa midomo ya watu: wanaokaa kwenye kamati ya harusi hii ndio watakaokaa kwenye kamati ya harusi ijayo, na mmoja akisema "yule picha zake zina chenga", kazi tatu au nne zimekwisha kupotea bila mwenyewe kujua.

Ushauri unaozunguka miongoni mwa wapigapicha ni mwepisi: usipandishe ISO. Ushauri huo una chembe ya ukweli, lakini umewaharibia kazi wengi kuliko chenga zenyewe. Anayeogopa kupandisha ISO ukumbini hubaki na njia mbili. Ama anaacha shata wazi kwa muda mrefu, na maharusi wakisogea kidogo picha inakuwa na ukungu. Ama anapiga picha ya giza akitumaini kuiongezea mwanga kwenye kompyuta. Picha yenye chenga inaweza kupunguziwa. Ile ambayo macho ya bibi harusi yametoka na ukungu haina dawa.

Kelele za redio, matone ya mvua

Namba za ISO zilirithiwa kutoka zama za filamu. Mwaka 1974 vipimo viwili vilivyokuwa vikitumika, cha Marekani na cha Ujerumani, viliunganishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango kuwa kimoja. Filamu ya 400 ilihitaji nusu ya mwanga uliohitajiwa na ya 200, lakini punje zake zilikuwa kubwa zaidi. Kwenye kamera ya dijitali mambo ni tofauti kidogo. Kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, ni kilekile. Ukipandisha ISO huongezi mwanga hata chembe. Unachoongeza ni nguvu ya ishara iliyokwishapokelewa. Ni sawa na mtu anayesikiliza redio ya stesheni ya mbali: akiongeza sauti anamsikia mtangazaji, na mvumo anausikia pia.

Mvumo huo unatoka wapi? Mkulima atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Mwanga hauji kama maji ya bomba, unakuja kwa punje, kama matone ya mvua. Panga mabakuli uani wakati wa manyunyu, uyaondoe baada ya muda mfupi. Moja litakuwa na matone manane, jirani yake 12, ingawa mvua iliyonyesha ni ileile. Ikinyesha ya masika, tofauti kati ya bakuli na bakuli haionekani kwa macho. Pikseli za kamera ni mabakuli hayo. Pikseli inayopata wastani wa punje 100 za mwanga hupishana na wenzake kwa takriban punje 10, sawa na asilimia 10, na jicho linaona chenga. Inayopata punje 10,000 hupishana na wenzake kwa punje 100 hivi, sawa na asilimia moja tu, na ngozi inaonekana laini.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza chenga aanze kwa kutafuta mvua zaidi.

Fedha iende wapi kwanza

Wengi wakishapata fedha kidogo hukimbilia kubadilisha kamera. Si kosa, maana maendeleo yamekuwa makubwa. Kamera ya Canon EOS 300D iliyotoka mwaka 2003 ilikomea ISO 1600, na hapo chenga zilikuwa nyingi. Nikon D3 ya mwaka 2007 ilifika 6400 katika mpangilio wake wa kawaida, na picha zake zikakubalika kwa wateja. Kihisi cha D3 kina ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24, eneo ambalo ni zaidi ya mara mbili ya kile kilicho kwenye kamera nyingi za bei nafuu. Bakuli pana hukinga mvua zaidi.

Hata hivyo, kwa mwenye mtaji mdogo lenzi inalipa kuliko kamera. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera ya kawaida tundu lake hufunguka hadi f/3.5, na ukivuta picha karibu linabana hadi f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo kwa Canon na Nikon ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa, hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ile iliyobana kwenye f/5.6. Ukumbi uliokuwa ukidai ISO 6400 sasa unapigika kwa 640 hivi. Hakuna kamera mpya inayoleta nafuu ya kiasi hicho kwa fedha kama hizo.

Lenzi hiyo ina deni lake. Ikifunguliwa yote kwa mtu aliye umbali wa mita mbili, eneo linaloonekana vizuri lina kina cha sentimita 10 hadi 17 tu, kutegemea kamera. Bibi harusi akiwa mbele kidogo ya mumewe, mmoja wao atakuwa na ukungu. Kwa picha ya wawili ni heri kubana hadi f/2.8 na kukubali ISO kubwa zaidi. Wakati wa keki watu husimama, kasi ya 1/100 ya sekunde inatosha. Wakati maharusi wanaingia wakicheza muziki inahitajika 1/200 au zaidi, na hapo ISO ipandishwe bila hofu.

Flashi ni mvua ya kujitengenezea, na ikielekezwa kwenye dari nyeupe mwanga hurudi chini laini, nyuso zikapendeza. Tatizo ni mapambo. Kumbi nyingi siku hizi dari yake imefunikwa vitambaa, na mwanga uliogonga kitambaa cha zambarau hurudi na zambarau yake. Kwenye mahema ya uani dari iko juu mno au haipo kabisa, hapo flashi hulazimika kupunguzwa nguvu na kuelekezwa mbele, ISO ikiachwa juu kidogo ili mandhari ya nyuma isigeuke shimo jeusi.

Gauni jeupe linavyoidanganya kamera

Kosa linalozaa chenga nyingi kuliko yote halionekani kuwa kosa. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera huona mwanga umezidi na kuupunguza. Gauni linatoka la kijivu, na nyuso, hasa za ngozi nyeusi, zinazama gizani. Mpigapicha akizinyanyua kwenye kompyuta, anazinyanyua pamoja na chenga zote zilizojificha humo.

Picha iliyopigwa kwa ISO 1600 ikiwa na robo tu ya mwanga uliostahili, kisha ikang'arishwa mara nne, haina mwanga zaidi ya iliyopigwa sawasawa kwa ISO 6400. Kwenye kamera za miaka ya nyuma hutoka mbaya zaidi. Hivyo mbele ya gauni jeupe ni vyema kuiambia kamera iongeze mwanga, mara nyingi hadi mara mbili ya ilichopima, huku ukitazama ile michoro ya vilima inayoonyesha kiasi cha mwanga ili nyuzi za gauni zisiungue. Kupiga kwa faili la RAW badala ya JPEG huacha nafasi ya kurekebisha.

Kisha kuna zile taa za buluu. Pikseli za kamera nyingi zimefunikwa vichujio vya rangi kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepata hataza yake mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili huona kijani, moja nyekundu na moja buluu. Ukumbi ukiangaziwa buluu tupu, pikseli tatu kati ya nne zinashinda na njaa. Kamera ya bei mbaya haiwezi kuona mwanga ambao haupo. Taa za njano nazo huinyima chakula ile pikseli ya buluu, ndiyo maana vivuli vya suti nyeusi hujaa vitone vya buluu rangi zinaporekebishwa.

Dawa ya hapa haiuzwi dukani. Ni kuzungumza na mpambaji na mshereheshaji kabla ya sherehe, taa nyeupe ziwashwe kwa dakika mbili wakati wa keki na wa pete. Wapo wapigapicha wanaoona haya kuomba hivyo, kisha wanakesha siku tatu mbele ya kompyuta.

Kompyuta yenyewe inasaidia, ila kwa kiasi. Chenga za rangi ziondolewe kwanza, kwa sababu ndizo zinazochukiza. Zile za weusi na weupe zikibaki kidogo picha hufanana na ya filamu na mteja hana neno. Anayezifuta zote huishia na uso wa plastiki na misuko ya nywele iliyogeuka rangi tupu. Tangu Aprili 2023 programu ya Lightroom ina uwezo wa kusafisha chenga kwa akili bandia, na matokeo yake ni mazuri kweli, lakini hula muda: kwenye kompyuta dhaifu picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa. Mwenye picha 800 achague 30 za albamu.

Kabla ya kuanza kazi hiyo, inafaa kujua picha inakwenda wapi. Kamera ya pikseli milioni 24 hutoa picha ya 6000 kwa 4000. Picha ya inchi nne kwa sita, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji 1800 kwa 1200 tu. Pikseli kama 11 zinaunganishwa kuwa nukta moja, na chenga zinashuka hadi karibu theluthi. Kilichotisha kwenye kompyuta hakionekani kwenye albamu. Picha kubwa ya kutundikwa sebuleni ni habari nyingine, chenga zake zitaonekana kwa kila mgeni, na wenye uzoefu huipiga saa kumi na moja jioni bustanini au ufukweni kwa ISO 100 au 200, kabla maharusi hawajaingia ukumbini.

Mwenye kamera asiyejua mpaka wa kifaa chake anaweza kuupata kwa jioni moja. Aweke koti jeusi kwenye kiti chumbani, awashe taa moja tu, apige kwa ISO 800, 1600, 3200 na 6400, kila moja kwa mwanga sawasawa, kisha azipeleke studio zichapishwe kwa ukubwa wa albamu, azipange mezani bila namba na kumwita mtu wa nyumbani asiyejua lolote kuhusu kamera amwonyeshe ni ipi iliyoharibika.