Urea isiyofukiwa huota mbawa

MFUKO wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na hiyo ndiyo mkulima anayoilipia. Akiitupa juu ya ardhi bila kuifukia, sehemu yake hupotea hewani kabla mahindi hayajaipata. Ikipotea kilo moja katika kila tano, aliyenunua mifuko mitano ametupa fedha za mfuko mzima.

Wengi hulilaumu jua. Joto huchangia, lakini mhusika mkuu ni kimeng'enya kiitwacho ureasi, kinachotengenezwa na mimea na bakteria wa udongoni. Urea iliyoyeyuka kwenye maji matupu huchukua miaka kuvunjika. Penye ureasi, siku chache tu inakuwa imegeuka amonia, ambayo ikiwa juu ya ardhi huruka kama hewa.

Mwaka 1926, Mmarekani James Sumner alikitoa kimeng'enya hicho kwenye maharage ya kanavalia, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Hata hivyo, siri ya nguvu zake ilifichuka mwaka 1975, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipogundua kuwa ndani yake mna madini ya nikeli.

Walitumia spektroskopi, yaani kupima mwanga unaomezwa na kitu. Kila madini humeza mwanga wa aina yake, hivyo hujulikana hata yakiwa kidogo sana. Ilibainika kuwa chembe mbili za nikeli huishika urea na maji pamoja mpaka urea ivunjike. Nikeli yenyewe haiishi. Ikimaliza urea moja hushika nyingine.

Ujuzi huo una faida shambani. Ipo dawa iitwayo NBPT, ambayo huchanganywa na urea na kuizuia nikeli isifanye kazi kwa muda. Urea ya namna hiyo huuzwa ghali zaidi.

Njia ya bei nafuu ni jembe. Chimba kando ya shina, weka urea, fukia kiasi cha sentimita tano. Amonia itakayotokea itanaswa na udongo. Asiyeweza kufukia asubiri siku ya mvua ya kutosha. Manyunyu hayafai, kwani huiyeyusha urea bila kuizamisha.

Kufukia kunaongeza kibarua, lakini mkulima alinganishe gharama hiyo na bei ya mbolea inayoota mbawa.