Broderi ya mukono: mishono mitano ya kuanza, na namna ya kutoharibu kitambaa cha mutu

Umeme ukikatika Muhumba, mashini ya broderi inasimama. Sindano ya mukono inaendelea. Ndiyo maana katika komine ya Ibanda, kama katika mitaa mingine ya muji wa Bukavu, kuna akina mama na wasichana wanaopamba kwa mukono nape za meza, vifuniko vya fotei ao drapi za bibi-harusi.

Wengi wanaanza kwa kujifurahisha tu. Kisha jirani anaona, anapenda, analeta drapi zake mupya: «Mama, unitilie majina yetu hapa.» Hapo mambo yanabadilika, kwani kitambaa si chako tena. Kikikunjamana, ao rangi nyekundu ikitoka siku ya kwanza ya kufua, inakuwa deni. Mara nyingi hasara hiyo haitoke kwa mukono mubaya. Inatoka kwa matayarisho, na kwa upande wa nyuma ambao watu hawaangalie.

Kazi yenye kutoka mbali

Neno broderi tumelitoa kwa Kifaransa. Wenzetu wa pwani wanasema kutarizi ao kudarizi. Kule Zanzibar na Lamu, kofia za wanaume zinazoshonwa kwa mukono, zenye vitundu vidogo vilivyozungushwa uzi, zinaweza kuomba wiki nyingi ao hata miezi kwa kofia moja.

Congo yetu pia iko na broderi yake. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, wanawake wanakipamba kwa sindano. Katika kile chenye manyoya kinachoitwa kwa Kifaransa velours du Kasai, uzi unapitishwa chini ya nyuzi za kitambaa na kukatwa kwa kisu kidogo, bila kufunga fundo hata moja. Unashikwa na kitambaa chenyewe, sababu kimefumwa kwa kukazana. Hilo ni fundisho kwa kila mwenye kushona: kinachoshika uzi si fundo.

Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, masista na nyumba zilizoitwa foyers sociaux walifundisha wanawake kushona, kufuma triko na kutia viraka. Ile ya Usumbura, leo Bujumbura, ilianza mwaka wa 1946. Nia ilikuwa hasa kutengeneza mama wa nyumba, si kumupa kazi ya kulipwa. Wazo hilo lingali linafuata broderi: watu wanaisifu, lakini saa ya kulipa wanasema ni kazi ya kupitisha wakati.

Vifaa ni vichache

Sindano ya broderi iko na tundu refu na ncha kali. Kwa mushono wa musalaba juu ya kitambaa chenye mashimo ya kuhesabu, ile yenye ncha butu ni nzuri zaidi.

Uzi si ule wa kushonea suruali. Ule unaoitwa mouliné, kama wa DMC ya Ufaransa, unauzishwa kwa kifungu cha metre 8, na ndani muna nyuzi 6 zenye kuachana. Tumia 2 kwa herufi nyembamba, 3 kwa majani na maua. Kata urefu wa kutoka ncha ya vidole mupaka kiwiko. Uzi murefu hauharakishe kazi: unajifunga, na unachakaa kila mara unapopita ndani ya kitambaa.

Tamburi ni ile miduara miwili ya mbao ao plastiki inayobana kitambaa. Kikaze kama ngozi ya ngoma, lakini kitoe kila jioni, sivyo alama ya duara itabaki. Ongeza makasi madogo yenye ncha na karandasi isiyokolea. Usichore na biki: wino wake unaweza kubaki hata baada ya kufua.

Mbele ya kushona

Fua kitambaa kwanza. Pamba inaweza kupunguka kwa maji, na ikipunguka baada ya broderi, maua yote yanakunjamana. Kiache kikauke, kipige pasi, halafu uchore.

Kisha pima rangi ya uzi. Lowesha kipande kidogo katika maji ya moto yenye sabuni, kibane ndani ya kitambaa cheupe kikuukuu. Kama kimeacha alama, usitumie uzi huo juu ya drapi nyeupe. Fanya hivyo hasa kwa nyekundu, bluu ya giza na nyeusi.

Mishono mitano

Mushono wa mbele: sindano inaingia na kutoka kwa hatua sawa. Ni wa kufuata mustari na kurudisha nguo iliyopasuka.

Mushono wa nyuma: toa sindano hatua moja mbele, irudishe mahali mushono uliopita ulikomea. Mustari haukatike, kwa hiyo unafaa kwa majina.

Mushono wa shina: kila hatua mupya inaanzia katikati ya ile iliyotangulia, na uzi unabaki upande uleule siku zote. Ukibadilisha upande, shina la ua linavunjika.

Mushono wa munyororo: toa sindano, irudishe katika tundu lilelile ukiacha kitanzi, itoe tena mbele kidogo ndani ya kitanzi. Usivute kwa nguvu, pete zitafungana.

Festoni: sindano inashuka kuelekea ukingo, uzi ukiwa chini ya ncha yake. Inalinda kando za nape zisifumuke.

Baada ya hiyo, jifunze kujaza majani kwa nyuzi zilizolala pamoja. Jani likipita sentimetre 1 kwa upana, ligawe katikati, sababu nyuzi ndefu zinakamatwa na pete ao kucha.

Geuza kitambaa

Usianze na fundo. Acha mukia wa uzi wa sentimetre 5 nyuma, mishono ya kwanza iufunike. Ukimaliza, pitisha sindano chini ya mishono 4 ao 5, halafu kata. Fundo linaonekana likipigwa pasi, na likifunguka mushono wote unaenda. Usirushe uzi kutoka ua moja mupaka lingine: kwa kitambaa cheupe, mustari mweusi utaonekana mbele. Pasi inapigwa upande wa nyuma, maua yakiwa yamelala juu ya taulo.

Kwa kazi ya kwanza, chukua kitambaa kidogo cha kufunikia mukate, ao andika jina la mutoto ndani ya triko yake ya masomo. Nape ya watu 8 ingoje. Wengi wanaoanza na kubwa wanaiacha nusu ndani ya mufuko.

Kuhusu bei

Mwenye kutaka kuuzisha aandike saa ya kuanza na saa ya kumaliza kila siku. Kwa kitambaa kidogo cha kwanza atajua herufi moja inaomba dakika ngapi, na hesabu ya drapi itakuwa rahisi. Aongeze bei ya uzi. Bei ipatanwe mbele ya sindano kuingia, na sehemu ya makuta itolewe siku hiyo. Kama muteja analeta kitambaa chake, aambiwe kwamba kitafuliwa kwanza. Na kipande cha mufano, chenye mishono yote mitano, kiwekwe nyumbani: muteja aone mbele, kisha ageuze mwenyewe aone na nyuma.