Mji Mkongwe Bila Kiingilio

Wageni wengi wakifika Unguja huanza kuulizia bei: ya boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, ya mwongozaji, ya tiketi za makumbusho. Si vibaya. Lakini kilichouingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 ni mji wenyewe, kwa nyumba zake, vichochoro vyake na watu wanaoishi humo, na huo hutazamwa bure. Unachohitaji ni kujua pa kutupia jicho.

Anza na milango. Mlango wenye kichwa kilichonyooka ni wa mtindo wa zamani zaidi. Wenye upinde juu una mkono wa mafundi wa Kihindi, na ulipata umaarufu kuelekea mwisho wa karne ya 19. Sogea karibu. Pale mbao mbili zinapokutana utaona mfaa, mti uliochongwa unaofunika mwanya. Teremsha macho kwenye miimo: mara nyingi chini kabisa pamechongwa samaki au mawimbi, na pembeni mnyororo umepanda hadi juu. Husemwa samaki ni riziki na mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Waongozaji hupenda kusimulia pia kwamba misumari ya shaba iliwekwa kuzuia tembo kule India. Unguja hapakuwa na tembo wa kuogopwa. Hapa misumari ile ilitangaza uwezo wa mwenye nyumba.

Kisha tazama kuta, maana ndizo zinazopuuzwa na ndizo zenye elimu nyingi. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri ya mkoko haifai kuvuka upana wa mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba. Pale nyumba ilipobomoka, ncha za boriti huonekana zimetokeza ukutani. Chokaa nayo hupitisha unyevu: ukuta unalowa mvua, kisha unakauka. Ukiupaka saruji, maji hunaswa ndani, chumvi hukusanyika, na jiwe huanza kumeguka. Tafuta ukuta wenye plasta ya kijivu iliyobanduka vipande vipande. Hapo utaona kwa macho yako jinsi ukarabati wa haraka unavyoiua nyumba. Mimi naona somo hili lina thamani kuliko tiketi yoyote. Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Majengo haya yanaomba matunzo ya kudumu, na ya mtu anayeijua kazi.

Kutoka hapo ni hatua chache tu hadi Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwang'oa Wareno mwaka 1698. Kuingia uani hakulipiwi, ingawa maonyesho ya jioni huwa na bei yake. Ukifuata barabara ya Mizingani utaikuta Zahanati Kongwe ya Tharia Topan, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Simama upande wa pili wa barabara uzitazame roshani zake za mbao.

Usiondoke bila kukaa barazani. Baraza ni kiti cha mtaa: wazee huchezea hapo bao na dhumna, habari hupita, na mvua ikifurika mtu hupita juu yake asilowe miguu. Pale Jaws Corner, mtaa wa Soko Muhogo, mazungumzo ya siasa hayaishi. Kahawa chungu utailipia kidogo, kukaa hulipii. Toa salamu kwanza, usubiri ukaribishwe.

Jioni nenda Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati. Vyakula vina bei, na bei ya mgeni yaweza kuwa ya juu, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Vijana wanaoruka kutoka ukutani kwenda baharini, kwa mbio na sarakasi za hewani, hawamtozi mtu kuwatazama.

Toka kwenye saa kumi alasiri, jua likishalegea. Vaa nguo za kusitiri mabega na magoti, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa: watu hawa wako nyumbani kwao.